Doa la Mlenda

Jumatano, Handeni

Ati nimeharibu mali ya shule! Magazeti ya habari za watoto yalikuwa yamekaa kabatini tangu muhula uanze, yanasubiri wageni wa wilayani waje waone yanavyong'aa. Nikayatoa. Darasa langu la tano wakawa wanaazima, wanakwenda nayo nyumbani.

Leo Mwanahawa amerudisha lake lina doa. Alikuwa anamsomea bibi yake habari ya wanafunzi waliochimba kisima, anamfafanulia kwa Kizigua huku wanakula ugali. Bibi akalivuta gazeti aone picha vizuri, vidole vimejaa mlenda.

Mwalimu mkuu amelishika gazeti kwa ncha za vidole. "Mwalimu, utaniandikia barua ya kujieleza. Na yote yarudi kabatini."

Naogopa, sikatai. Watu wamehamishwa kwa barua kama hizi.

Lakini Mwanahawa anasema bibi ameamka anauliza kama kile kisima kilitoa maji. Habari inamalizikia kwenye toleo la pili.

Barua nimeshaandika, sentensi moja tu: limechafuka kwa sababu limesomwa.

Toleo la pili liko kwenye begi la Mwanahawa.