Namba 212 kati ya 500

Jumapili, 2 Novemba 2014

Taarifa rasmi. Wakazi wote wa chumba hiki — yaani mimi na feni — mnajulishwa kwamba leo saa nne asubuhi Laban, dereva, umri miaka hamsini na tatu, amekabidhiwa glavu nyeupe. Pea moja. Kwa heshima zote.

Glavu ni za gari jipya la Baba. Humu nyumbani wafanyakazi wote tunamwita bosi Baba, ingawa mimi ananizidi miaka minane tu. Gari limekuja kwa meli kutoka Marekani. Toleo la urithi, injini kubwa, njano ya kiini cha yai la kienyeji, mistari miwili myeusi juu ya boneti. Yametengenezwa mia tano tu duniani. Kwenye dashibodi kuna kibati: namba 212 kati ya 500. Limeundwa lifanane na lile la 1971, ambalo Baba alilinunua akiwa mwanafunzi kule na kurudi nalo Doha.

Lile alimofia Jasim, mwanawe.

Proscovia, mpishi wetu kutoka Uganda, alitoka jikoni na unga mikononi akalizunguka. "Ssebo Laban," yaani bwana kwa Kiganda chake, "hizo glavu, unaenda kulipasua tumbo?" Nikamwambia asiliguse, lina namba. Akasema hata yeye ana namba, iko kwenye ikama yake, kile kibali cha kuishi hapa, na hajaona mtu akimvalia glavu.

Nikacheka. Halafu nikalisogeza kivulini, pale pale lile la zamani lilipokuwa likikaa, na pumzi ikanikatika kidogo. Kitambi, nikajisemea.

Jumanne, 4 Novemba

Baba anataka kujua kama hili na lile yanafanana. Ananiuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nalizungusha lile mtaani kila Jumamosi ili betri isife. Anakaa kiti cha abiria. Cha dereva hajakigusa.

Tumezunguka mtaa wetu wa Rayyan mara tatu. Harufu je? Nikasema lile lilinuka petroli na ngozi. Hili linanuka gundi, kama viatu vya dukani. Na mngurumo? Nikasema mzuri sana. Proscovia amesoma kitabu cha gari jikoni, anasema sehemu ya mngurumo inatoka kwenye spika. Sikumwambia Baba. Gari linaiga sauti ya marehemu — nitaanzia wapi?

Niliandike na hili, maana daftari halina mdomo. Miaka sita sasa nyumba hii inasema Jasim aliuawa na spidi yake mwenyewe. Baba alitamka hivyo mbele ya waombolezaji wote: kijana alijiua kwa kiburi. Picha yake ikatolewa majlisi, sebule ya wageni. Jina halitajwi mezani. Mimi najua sivyo. Najua kitu kuhusu breki za lile gari na sijamwambia mtu. Nikisema, Baba atampata mwanawe tena, na mimi nitapata tiketi ya ndege. Hiyo ni kama nina bahati.

Ijumaa, 7 Novemba

Alasiri Baba alitaka twende The Pearl, ambako wenye magari ya namna hii hukutana kando ya boti na kutazamana boneti.

Tulikuta mengine mawili. Njano ile ile, mistari ile ile. Mia tano duniani, na matatu yamebanana hapa kama mandazi kwenye trei! Mmoja alikuwa na namba 17, akatuonyesha kibati chake mara nne, namba ndogo ni heshima kubwa. Mwenye 388 akamwambia, wewe, toa stika na hicho kibati ubaki na gari la kila mtu. Wakabishana. Kisha wakamgeukia Baba kama mkubwa wao aamue: ni gari la pekee au si la pekee?

Baba akasema ni zuri, mashallah. Tukaondoka.

Njiani akaniambia, "Mia tano ni mengi, ewe Laban. Lile lilikuwa moja."

Nami mdomo wangu huu, ambao mke wangu Nyaboke aliwahi kutaka kuushonea zipu, ukajibu, "Lile nalo lilikuwa na kasoro zake, Baba."

Akageuka. Kasoro gani?

Nikasema dirisha la kushoto. Ni kweli lilikuwa likikwama. Mimi ni hodari wa kusema ukweli mdogo.

Jumatatu, 10 Novemba

Alfajiri nimelisikia likinguruma uani. Siyo hili. Lile. Nimetoka na singleti kwenda kulizima. Ilikuwa AC ya jirani.

Kiti cha dereva nimekikuta kimerudishwa nyuma kabisa, kama jana, kama juzi. Mimi ni mfupi, huwa nimeukaribia usukani kama mtu anayesoma maandishi madogo. Jasim ndiye alikuwa na miguu mirefu. Nikamuuliza Proscovia kama amemwona mtu. Akaacha kukanda. Ni Mama, akasema, mke wa Baba. Anashuka baada ya swala, anakisukuma kiti nyuma, hakai, anarudi ndani. "Na wewe kila siku unakisogeza mbele. Una roho kweli?"

Leo nimekisogeza nikiwa nimefumba macho.

Ijumaa, 14 Novemba

Siku yenyewe imefika.

Tulikuwa tunatoka msikitini, Baba yuko kando yangu. Kwenye raundabauti kulikuwa na basi la wafanyakazi, nikakanyaga breki. Breki za gari hili hazina subira. Kichwa cha Baba kikaenda mbele, kikarudi, kikaenda tena. Miwani ikaanguka mapajani.

"Kwa nini unakanyaga mara mbili?"

Nikasema mazoea, Baba. Nikaeleza huku nacheka. Udereva nimejifunzia kwenye lori la kubebea majani chai, kule Nyamira. Ukikanyaga mara ya kwanza unakanyaga hewa. Ya pili ndiyo inashika. Dereva yeyote wa kwetu wa wakati ule mguu wake uko hivyo, unapiga wenyewe, haumuulizi.

Hakucheka. Aliivaa miwani polepole. "Na lile la zamani, ulilikanyaga hivyo hivyo?"

Magari yote, Baba.



Jumamosi, 15 Novemba

Saa tatu asubuhi. Baba yuko uani ndani ya gari. Ameniambia nimpeleke njia ya ukaguzi wa magari, ile ya siku ile. Nimesema ngoja nifuate leseni. Leseni iko mfukoni mwa shati langu. Nimekaa kitandani na daftari, nataka niyapange kwanza, nisije nikafika kule nikaanza na dirisha la kushoto.

Haya. Kilichotokea ni hiki.

Machi 2008. Gari lilitakiwa kukaguliwa. Ilikuwa kazi yangu. Jasim akaja, akasema nipe ufunguo Laban, leo nalipeleka mimi, wewe nifuate na Land Cruiser ya Mama. Akaniuliza kama kuna chochote cha kujua. Nikamwambia vuta choki kidogo unapowasha, na dirisha la kushoto usilishushe. Basi. Breki sikuitaja. Sikuificha. Breki ilizama mara ya kwanza na kushika ya pili, na kwangu hiyo ndiyo breki. Fundi hakuambiwa kwa sababu miguu yangu ilikuwa imeshalitengeneza.

Nilimfuata nyuma, mita thelathini. Si kweli kwamba nilikuwa mbali. Niliwaambia wote nilikuwa mbali, kwenye taa za barabarani. Nilikuwa pale. Alikuwa kwenye kilomita arobaini kwa saa, labda arobaini na tano. Hakuna spidi. Alikuwa ameshusha dirisha lile lile nililomkataza, ametoa mkono nje akinionyesha dole gumba — alikuwa amefurahi. Lori la maji likaingia raundabauti. Taa za breki za Jasim zikawaka. Zikabaki zimewaka, gari likaenda tu. Alikanyaga mara moja na akashikilia, kama mtu yeyote aliyefundishwa vizuri. Mimi huku nyuma nilikuwa nimeshakanyaga mara mbili.

Nilijua pale pale, kabla sijafungua mlango. Jioni Baba akaniuliza gari lilikuwa zima? Nikasema zima, Baba. Akaniuliza, alikuwa anakimbiza? Nikatazama chini. Sikusema ndiyo. Nilitazama chini tu, na yeye akajijibu. Miaka sita amekuwa akila jibu hilo.

Hakutakiwa mtu kujua. Watoto wangu wawili walikuwa shuleni kwa mshahara huu. Hiyo ni sababu. Sitaiandika kama ni kubwa kuliko ilivyokuwa.

Honi imelia mara moja. Nimechungulia dirishani. Hayuko tena kiti cha abiria. Amehamia cha dereva, na kiti kiko nyuma kabisa, kama Mama alivyokiacha, ananyoosha mguu ufike. Injini imezimwa. Ukuta ulio nyuma ya gari unawaka wekundu wa taa za breki, unazima, unawaka.

Unazima. Sasa umewaka na haujazima.

Nimevaa kiatu kimoja. Kingine —