Linux Kando ya Windows Yako, Fundi Bahati

Fundi Bahati,

Ejok. Ulipenda nikusalimu kwa Kiturkana kabla hujanimwagia Kifaransa chako, basi na leo pokea.

Tangu tukuzike, duka lako hapa Kakuma halijafungwa. Mimi Akiru, mwanafunzi wako mkaidi, ndiye ninayekalia kiti chako, na lile darasa la wasichana wa Kalobeyei nimelirithi. Sasa wafadhili wa darasa wanataka tufundishe Linux, ule mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na kompyuta inayoweza kuibeba ni moja tu: laptopu yako. Shida ni kwamba ndani ya Windows yako mna nyimbo ulizorekodi na kwaya, wewe ukiongoza. Mkeo, Mama Furaha, hana sauti yako mahali pengine popote. Nilipomwomba laptopu, akasema, "Weka yako. Ya bwana yangu usiguse."

Nikakumbuka ulivyotufundisha kwa kuazima mila zetu: mke wa pili habomoi nyumba ya wa kwanza, hujengewa akai, kibanda chake mwenyewe, ndani ya boma lilelile. Siku ile nilicheka. Jumamosi sikucheka, Fundi. Ulituchosha kwa "nakala kwanza, nakala kwanza," nami nilikutii, nikaenda hadi Lodwar kuazima diski ya nje. Barabara ile ikaimaliza. Nilipoichomeka ilikwaruza tu, haifunguki. Flashi zikameza picha zikajaa, nyimbo zikabaki bila nakala, na darasa ni Jumatatu. Nilikasirika. Nilikukasirikia hata wewe, maana ungekuwepo, kidole cha kubofya kisingekuwa changu.

Skrini ikaniuliza: nifute diski yote, au niweke Linux kando ya Windows? Nilisoma mstari wa pili kwa sauti, nikaurudia, mpaka Mama Furaha akauliza kama nasali. Nikabofya. Ikaanza kazi ya kuipunguzia Windows nafasi, ile uliyosema ikikatika katikati umepoteza kila kitu. Na betri yako unaijua, ilikufa zamani. Tunategemea waya wa jenereta ya jirani yetu Abdi.

Jenereta ikaanza kukohoa.

Mkeo alitoka mbio bila viatu. Nilimsikia kule nyuma akipiga kelele, "Abdi, usizime! Bwana yangu iko ndani!" Mafuta yalikuwa yanaisha. Abdi hakuuliza swali. Alinyonya petroli ya pikipiki yake akaimimina ndani ya jenereta ikiwa inanguruma, jambo ambalo ungemgombeza wiki nzima. Mimi nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili, kana kwamba meza ndiyo ingeanguka.

Linux ikaingia. Lakini Windows yako je? Nikawasha upya, nikachagua Windows. Skrini nyeusi. Ikaanza kujikagua polepole, na Mama Furaha akanibana bega hadi likauma. Kisha ikakukaribisha kwa Kifaransa chako: Bienvenue, Bahati.

Nyimbo zipo zote, Fundi. Lakini hatukuzifungua hapo hapo. Mkeo aliyakodolea macho maneno yale mpaka yakatoweka.

"Kompyuta yake bado haijajua," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Usiiambie."

Pumzika, Fundi wangu. Wasichana nitawafundisha upande wangu, na nyimbo nitazitolea nakala nikipata diski nzima. Upande wako jina litabaki lilelile. Sitaiambia.

Akiru