Kukiendeleza Kiwanja

Korogwe, 14 Agosti 1978

Mpendwa mdogo wangu Verediana,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila miiba ya mkonge imenila vidole na kalamu inaniuma. Mguu wa mama unaendeleaje? Mpe shikamoo yangu.

Tangu uliponiandikia kwamba mpaka wa mji wa Ngara umelimeza shamba la marehemu baba, sina raha. Nimejiunga na darasa la jioni hapa kambi ya mkonge, tunasoma sheria ya mipango miji na ardhi. Niliishia darasa la nne, mengi yananipita. Lakini hili nimelishika: kiwanja cha mjini usipokiendeleza, anapewa mwingine. Basi kiendelezeni haraka, kabla afisa wa ardhi hajaja kukagua.

Kaka yako, Pancras

Ngara, 20 Septemba 1978

Kaka Pancras,

Shikamoo. Mguu umepungua kuvimba. Mama anakuitikia marahaba, anauliza kama huo mkonge unaliwa, maana hurudi.

Nilimsomea barua yako akafurahi. Alidhani sheria itadai jambo gumu. Tunakiendeleza kama ulivyosema: migomba tumeipalilia, maharage tumepanda palepale alipopanda baba, hatukubadilisha kitu. Majirani wanahangaika kufyatua matofali. Mama anawacheka, anasema hawana mtu wa sheria.

Mdogo wako, Verediana

Korogwe, 24 Oktoba 1978

Verediana mdogo wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo mwilini tu. Acheni maharage. Kuendeleza kwa sheria si kuendelea vilevile, ni kujenga. Kibanda chetu cha nyasi hakihesabiwi. Afisa akikuta migomba ataandika kwamba kiwanja ni kitupu. Anzeni hata chumba kimoja cha matofali. Nijibu upesi.

Kaka yako, Pancras

Korogwe, 2 Desemba 1978

Mdogo wangu,

Mpo wazima? Redioni ni vita tu. Wanasema magari ya huko yote yanabeba askari. Labda barua yangu imekaliwa na masanduku ya risasi. Afisa alikuja? Andika hata mstari mmoja.

Kaka yako, Pancras

Ngara, 26 Februari 1979

Kaka,

Shikamoo. Tuko wazima. Barua zako mbili zimefika pamoja, na afisa alikwisha kuja. Alipouliza kama tumekiendeleza, mama alijibu kwa fahari, "Tunakiendeleza tangu babu yake huyu." Afisa akauliza nyumba iko wapi. Mama akamwonyesha migomba. Kikapigwa kigingi chekundu, tukaambiwa msingi uonekane kabla masika hayajaisha.

Mama amekata migomba kwa mkono wake. Amebakiza shina moja, lile la pale alipofukia kondo lako ulipozaliwa. Fundi Bulugu anasema msingi hauwezi kunyooka bila kuling'oa. Mama amekaa hapo na panga, hataki kusikia. Tufanyeje? Wewe ndiye uliyesoma.

Mdogo wako, Verediana

Korogwe, 18 Machi 1979

Verediana,

Mama hajambo? Bado amekaa hapo?

Nimefaulu mtihani. Sheria inataka msingi, sijaona iliposema lazima unyooke. Kama imesema, mwalimu hakutufikisha ukurasa huo. Mwambie Bulugu aipinde kona.

Nimeomba likizo nikanyimwa, kwa hiyo nimeacha kazi. Afisa akitangulia tena, msimwambie tunaendeleza. Mwambieni mwenye kondo yuko njiani, anakuja kubeba mawe.

Kaka yako, Pancras