Kiberiti, Siku Ile Nyuma ya Kioo

Umetimia mwaka mmoja sasa, Kiberiti binti yangu, tangu homa ya siku nne ilipokuchukua. Shangazi yako ameniambia niandike mimi kwa niaba ya familia, maana yeye akishika kalamu analia tu. Haya, nimeishika, na nyumba iko kimya mno.

Marehemu mama yako alikuwa anafua taulo za klabu ya skwoshi, nawe ukimsubiri pale ukaanza kuchezea raketi zilizokatika nyuzi. Ulikuwa na miaka tisa. Nyumbani ukaja kuupiga mpira kwenye ukuta wa chumba changu cha kushonea mpaka chokaa ikabanduka. Nilifoka: "Wewe, huo ukuta umekukosea nini?" Ukanijibu, "Nitaupaka rangi, baba." Hukuupaka, na sasa simruhusu mtu yeyote aupake.

Miaka kumi na moja skwoshi, huo mchezo wa kupiga mpira ukutani, ndiyo iliyokuwa kazi yako. Ulikwenda kwenye mashindano huku na huko, na begi refu kuliko wewe. Ukirudi, unakula kwa mkono mmoja, na mwingine unabanabana kile kimpira cheusi, eti kikiwa baridi hakidundi. Mpira ukidunda mara mbili kabla hujaufikia na mwamuzi hakuona, ulisema mwenyewe, ukampa mwenzio pointi. Jumamosi uliwafundisha mabinti wa mtaani, na sketi zao ukazishona kwa vitambaa vyangu bila hata kuniomba. Mwizi mkubwa wewe!

Lakini mimi nilikuwa nakudhihaki. "Kazi gani hiyo ya kugombana na kuta?" Sikuwahi kuja kukuona ukicheza, mpaka ile fainali. Nilifunga duka, nikavaa koti langu zuri, nikaja bila kukuambia. Nikakaa safu ya mbele kabisa, karibu na kile kioo kinachowazunguka wachezaji. Moyo ulinidunda kuliko huo mpira wenu. Katikati ya mchezo ukaja moja kwa moja mpaka nilipokaa. Nikainua mkono. Ukanitazama usoni, ukafuta kiganja chako kwenye kioo, hapa mbele ya pua yangu, ukageuka ukaenda zako.

Niliondoka papo hapo. Nilisema mtoto wangu mwenyewe amenifukuza mbele za watu.

Jioni ukapiga simu. "Baba, nimeshinda! Yaani nilitamani ungekuwepo." Nikadhani unanikejeli. Nikajibu "Hongera," nikakata. Wiki tatu nzima ulinipigia kutoka kambi yenu ya mazoezi, sikupokea. Kichwa changu unakijua kilivyo kigumu. Kisha ukaugua, na nilipofika hospitali hukuwa unasikia tena.

Baada ya mazishi, Kocha wako aliniletea begi lako. Nikamweleza jambo lililonikaba, maana sikuwa na mwingine wa kumwambia. Akanishika bega. "Mzee wangu, kile kioo kimetengenezwa makusudi. Aliye nje anaona ndani, lakini mchezaji akiwa ndani hawaoni watu, anaona giza tu. Na jasho la mikono sote tunalifutia pale kwenye kioo." Nikakaa juu ya begi lako.

Kwa hiyo umeondoka ukiamini kwamba baba yako hakuja hata mara moja. Hilo ndilo linalonila. Nashinda na cherehani yangu, mteja akija tunaongea vizuri, akitoka tu naanza tena kukueleza. Nakueleza kwa sauti, kama mwendawazimu, na hakuna anayenijibu.

Tunaokukumbuka ni mimi baba yako, fundi cherehani; shangazi yako; kaka yako dereva na mkewe; Kocha; na mabinti zako wa Jumamosi, ambao bado wanafanya mazoezi. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Nilikuja, Kiberiti. Nilikuwepo.