Teke Halimo Kwenye Modeli

Jumatatu, 2 Juni 2025
Modeli imekubali! Sijutii kuja kuandikia tasnifu nyumbani Ihanja. Gamba la nje la ubongo wa mtoto aliye tumboni linakua haraka kuliko sehemu ya ndani, linakosa nafasi, linajikunja. Dada Lea alipita, nikamwonyesha kwenye kompyuta. Wiki ya ishirini na nne ya mimba – bado laini kama yai. Halafu mikunjo inaanza. Akajishika tumbo, akasema mtoto wake naye yuko hapo hapo. Akaomba nirudie. Akachelewa kurudi kwa mumewe.

Jumanne, 3 Juni
Lea kaletwa na bodaboda. Jino limeng'oka, jicho limeziba. Mumewe, Antipasi, amempiga teke la tumbo. Kosa: ugali ulichelewa. Alikuwa kwangu, anatazama ubongo.
Nilichukua shoka. Mama alining'ang'ania miguu mpaka nikaliachia. Zahanati wanasema moyo wa mtoto unapiga, ya kichwani hawayaoni, twende mjini.

Alhamisi, 5 Juni
Mjini wametupima. Mtoto anacheza, tusubiri azaliwe. Tusubiri!
Modeli yangu ina ukuaji, ina ugumu wa tishu, ina mgandamizo. Teke halimo. Nikaliingiza. Upande mmoja ukajikunja vibaya, wa pili ukachanika. Pengine nimekosea hesabu – naomba niwe nimekosea.
Halafu nikaweka teke lingine, kwenye kichwa cha mtu mzima. Nikampa jina. Nikarudia, nikarudia, mpaka kompyuta ikaganda. Nilifurahi. Simwambii mtu.

Jumamosi, 7 Juni
Antipasi kaja na mbuzi wa faini. Shikamoo kwa Baba, kapiga magoti kabisa. Baba kapokea. Kasema mke arudi kwake leo leo. Nilipobisha, Baba akasema: "Wewe Paschal unajua ubongo wa kwenye kioo. Nyumba ya mtu huijui."
Lea hajaulizwa. Yuko jikoni, mkono tumboni, anasema tangu asubuhi mtoto hajacheza. Nimemwambia Baba. Akasema kwanza tumalize la mbuzi.
Kwenye ukoo wetu mbuzi huyo anachinjwa na kaka wa mke. Kisu kikishapita, ugomvi umekwisha. Kaka ni mimi. Nimeingia chumbani kunoa, na nimenoa kuliko mbuzi anavyohitaji. Dirishani namwona Antipasi amemlaza mbuzi, amemshika pembe, kainamisha shingo yake mwenyewe.
Baba ananiita mara ya pili. Na Lea anaita, jikoni, kwa sauti ambayo sijawahi –