Jibu Lililosomwa Bungeni

Jumanne

Usingizi umekataa. "Alifariki akipatiwa matibabu." Ndivyo naibu waziri alivyomjibu mbunge wetu leo bungeni kuhusu kifo cha kijana Chacha, na redio ya zahanati ilikuwa imewashwa, tukasikia wote.

Mimi ndiye nesi niliyempokea Chacha polisi walipomleta kutoka mahabusu. Mwili ulikuwa umeshapoa. Sikumpa matibabu yoyote, na kitabuni niliandika hivyo.

Jioni mama yake alikuja kwa bodaboda kutoka Matongo. Nilimwamkia shikamoo. Hakuzungusha maneno.

"Binti yangu, mwanangu alikufia mikononi mwako?"

"Hapana, mama. Aliletwa akiwa ameshafariki."

"Basi niandikie hivyo, nimpelekee mbunge."

Mganga mfawidhi, mkuu wetu hapa zahanati, alikuwa mlangoni akinitazama. Naogopa uhamisho. Naogopa na zaidi ya uhamisho, lakini hayo sitaki hata kuyaandika. Hata hivyo niliandika, nikasaini majina yangu yote mawili. Mama aliikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaondoka.

Mume wangu yuko Singida, sijampigia. Nikimpigia ataniambia nikaichukue ile karatasi, na mimi sitaki kuichukua.