Wameniaga Kazini na Mimi Bado Nipo

Nyumba ileile ya geti jekundu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Binamu,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, napenda kukutangazia rasmi kwamba tangu Ijumaa ya wiki mbili zilizopita mimi ni mmiliki halali wa begi la safari, jeusi, la magurudumu manne, lenye mpini unaovutwa na kurudishwa ndani. Safari sina. Pasipoti sina. Lakini begi ninalo, na watoto wa jirani wamekwisha kuja kuliona.

Ya begi tuyaache kwanza nikusalimie, mama yako asije akasema kaka yake alilea mtoto asiyejua salamu. Hujambo? Shemeji hajambo? Ule mgongo uliomshika alipokuwa akihamisha kabati umeachia? Na wewe je, bado unabishana na watu kwenye foleni? Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yanalia nikipanda ngazi, hata mke wangu akiwa jikoni anajua nimefika. Kitinda mimba wangu anakushukuru kwa viatu. Vinambana, lakini amekataa kuvivua.

Sasa kazi. Najua mama yako amekwisha kukupigia simu, na najua alivyosimulia, maana habari zangu zimenirudia mimi mwenyewe kupitia kwa kinyozi, zikiwa zimetiwa chumvi mpaka zinawasha ulimi. Basi nisikilize mimi.

Bado nafundisha udereva palepale. Yule mzee aliyeanzisha chuo amepumzika, amemwachia mwanawe. Kijana si mbaya, ana adabu zake, lakini ananiona kama kochi la zamani: halijavunjika, ila linaharibu sebule. Kunifukuza hawezi kirahisi, maana sheria itamtaka anilipe haki zangu za miaka yote. Nikiacha mwenyewe, naondoka na asante. Kwa hiyo akaamua kunichosha.

Alianza kwa kuninyang'anya gari jipya, akanipa lile tunaloliita Bibi Kikohozi. Dirisha la upande wangu halishuki, na siku likishuka halipandi. Kisha picha yangu ikaondoka kwenye ubao wa walimu, ukabaki msumari. Kisha wanafunzi: kila aliyewashinda wenzangu analetwa kwangu. Nina daktari wa meno anayefumba macho kwenye kona. Nina mama mmoja, fundi cherehani, mwenye maneno kuliko mimi, ambaye akiona lori linakuja huachia usukani na kukumbatia mkoba wake, eti kama ni kufa wafe pamoja. Na kila asubuhi bosi huniuliza kwa upole, "Mwalimu, hujachoka tu?"

Binamu, nilichoka. Asubuhi nikinyoa ndevu, nimeacha kazi. Nikimaliza chai, nimerudi. Kinyozi alinishauri niondoke siku hiyohiyo, eti mwanamume ni heshima.

Mke wangu akasema, "Heshima tutaipika na nini? Kaa hapo. Akitaka uondoke, akuandikie. Usimfanyie kazi yake."

Nikawa namsikiliza yeye nyumbani, na kinyozi barabarani. Umri wangu unaujua. Chuo kingine kitanichukua nikafundishe nini, kutembea polepole? Halafu kazi yenyewe, usinicheke, naipenda. Mtu anakuja hajui klachi ni mdudu gani, na siku moja anakupita mjini akiendesha, anakupigia honi. Raha ile siwezi kukueleza.

Ndipo ikaja Ijumaa. Narudi na Bibi Kikohozi, nakuta viti vimepangwa kwenye uwanja wa mazoezi, keki ina usukani wa sukari juu yake, spika inaimba. Nikafurahi, unanijua na keki. Nikachukua kipande, nikakaa mbele, nikamwuliza karani wetu kwa sauti ya chini, "Tunamuaga nani?"

Akanitazama kama mgonjwa. "Mwalimu jamani, si wewe?"

Kumbe bosi alikuwa amewatangazia wenzangu kwamba naondoka kwa hiari yangu, ila ni mtu wa haya, nisiulizwe. Wakachanga, maskini, kwa moyo mweupe kabisa. Wakasimama mmoja mmoja kunisifu, mimi nimekaa pale kama marehemu aliyepewa kiti cha mbele. Mwosha magari alilia. Mwisho bosi akanikabidhi lile begi. "Ukapumzike, Mwalimu."

Mama yako anasema nililirusha begi, nikamnyooshea bosi kidole, na watu wakanibeba juujuu. Anasema pia kwamba Jumatatu niliingia pale kifua mbele nikatangaza, "Ninyi mmeniaga, mimi sijaaga!" Mpaka kinyozi ameanza kuninyoa kwa heshima. Maneno ni mazuri, natamani yangekuwa yangu.

Ukweli ni huu, na shangazi usimwambie.

Siku ile nilipopewa nafasi ya kusema neno, niliona aibu. Watu wamechanga, keki imeliwa, mwosha magari amelia. Nawaambiaje kwamba siendi popote? Nikashukuru. Nikapeana mikono na kila mtu, bosi pia. Nikaliburuta begi mpaka nyumbani, magurudumu yanapiga kelele kwenye kokoto, mtaa mzima unachungulia. Yaani Binamu, niliacha kazi kwa adabu tu. Mke wangu aliniuliza, "Safari ya wapi?" Nilipomweleza, akaninunia Jumamosi nzima na Jumapili nusu.

Na Jumatatu sikwenda kupigana na mtu. Nilisahau. Mwili uliamka wenyewe, ukavaa, ukanywa chai, ukanifikisha. Nilikuwa nimekwisha kufunga mkanda, fundi cherehani yuko kwenye usukani anawasha gari, ndipo nikakumbuka kwamba mahali hapa nimeagwa. Nikataka kushuka nitoroke. Kitasa nimekishika kabisa. Lakini bosi alikuwa ametuona, anakuja.

"Mwalimu, si tulikuaga?"

"Mliniaga, bosi. Asanteni sana kwa keki."

"Sasa?"

Fundi cherehani akageuka, mkoba kifuani kana kwamba lori linakuja. "Mwalimu, wewe ukienda mimi unaniacha na nani? Hawa wengine wote wamenikimbia!"

Sikuwa na ujasiri wowote, Binamu. Nilikuwa na picha mbili tu kichwani: kesho asubuhi nimekaa sebuleni nikitazama ukuta, na mke wangu amesimama nyuma yangu. Nikasema maneno yake, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani: "Siachi kazi. Ukitaka niondoke, niandikie."

Bosi akakuna shingo. Akatazama ofisini, akatazama lango. "Haya. Sogeeni basi, mmeziba njia." Akaenda zake. Mpaka leo hajaniandikia. Akiandika, nitachukua haki zangu na kwenda, asipoandika, nipo. Karani amesema siku nikiondoka kweli nitaagwa kwa maji matupu.

Tukabaki pale. Nikamwambia fundi cherehani, kwa sauti ya kazi, "Twende." Akakanyaga mafuta. Gari likanguruma, haliendi. Akaongeza, Bibi Kikohozi akakohoa, akatetemeka, haendi. Na magari yetu, kama hujui, yana breki ya pili chini upande wa mwalimu, ya kumwokoa mwanafunzi akipatwa na hofu.

"Mwalimu," akasema yule mama, taratibu, kama anavyosemeshwa mtoto, "toa mguu kwenye breki. Ameshaenda."

Nisalimie sana shemeji na wanao, yule pacha mtundu na mwenzake anayejifanya mpole. Mke wangu anakusalimu, na wanangu wote wanakusalimu, hata yule ambaye hujawahi kumjibu ujumbe wake. Mungu awape afya, riziki ya halali na usingizi usio na mawazo.

Ni mimi, wako wa damu na wa utani, nikupendaye hata usipojibu,

Binamu yako mkubwa (kwa umri tu)